Kama steringi hafi, tunaogopa nini? Muvi za mashujaa na muvi za kijambazi

#1 Zabibu ya Hombolo

Habari za jioni wakuu.

Sheria ya kibanda umiza inajulikana hapa Dodoma kuanzia Majengo mpaka Nkuhungu: steringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa mtoni, gari litalipuka akiwa ndani, na dakika ya mwisho atatokea anachechemea. Sheria hiyo haikuwahi kuharibu muvi, kwa sababu asipokufa yeye alikufa ndugu yake, au alipoteza mchumba, mkono, heshima.

Hoja yangu ni kwamba muvi za mashujaa wenye nguvu za miaka hii zimevuka mpaka. Sasa hakuna anayekufa kabisa. Logan ya 2017 ilimzika Wolverine kwa heshima zote, ameshikwa mkono na binti yake. Mwaka 2024 Deadpool & Wolverine inaanza kwa kulifukua kaburi lile lile, na mifupa inageuzwa silaha. Tony Stark, yule Iron Man, alikufa kwenye Avengers: Endgame 2019. Julai 2024 mwigizaji wake, Robert Downey Jr., akatangazwa kurudi, safari hii kama Doctor Doom. Ukishaambiwa kuna malimwengu mengi na kila mtu ana nakala yake huko, msiba unakuwa kama mtu aliyesafiri.

Chukua upande wa pili Rebel Ridge ya 2024. Mtu mmoja, baiskeli moja, begi lenye dola 36,000. Polisi wanalichukua lile begi. Tukio lile linabana kifua kuliko mji mzima ukiporomoka, kwa sababu begi lile halina nakala popote.

Karibuni mnipinge.

#2 Kijana wa Ipagala

Nakupinga mkuu. Kifo hakina kosa, kosa ni wingi.

Hesabu mwenyewe. Awamu ya kwanza ya Marvel, watengenezaji wa muvi hizi za mashujaa, ilikuwa muvi 6 kuanzia 2008 mpaka 2012, miaka minne. Awamu ya nne, 2021 na 2022 tu, ilikuwa muvi 7, sizoni 8 za tamthilia na vipindi maalumu 2. Ili uelewe The Marvels ya 2023 inakupasa uwe umeona muvi ya Captain Marvel na tamthilia za WandaVision na Ms. Marvel. Matokeo: ndiyo muvi iliyoingiza kidogo kuliko zote za Marvel, zaidi kidogo ya dola milioni 200, wakati Endgame ilikaribia bilioni 2.8. Na ni fupi, dakika 105. Mtu hakukimbia urefu, alikimbia kazi ya nyumbani.

Muvi ya kijambazi unaingia mikono mitupu. Inaanza, inaisha, unaondoka.

#3 Bati la Chang'ombe

Endgame ndiyo iliyoingiza pesa nyingi kuliko muvi zote duniani, kwa hiyo wingi haukuiathiri. Yenyewe ilikuwa na muvi 21 nyuma yake na watu walijaa.

#4 Kijana wa Ipagala

@Bati la Chang'ombe ilishika namba moja tangu Julai 2019, halafu Avatar ikarudishwa kwenye majumba ya China Machi 2021 ikaipita. Na zile 21 zilitawanywa kwa miaka 11. Maji ya mtungi mmoja ukiyanywa wiki nzima ni tofauti na kuyanywa kwa mkupuo.

#5 Dada wa Makole

Zabibu, hoja yako ina tundu. Kama tatizo ni steringi kutokufa, Joker: Folie à Deux ya 2024 ingependwa. Pale steringi anachomwa kisu na anakufa kweli, muvi inaishia hapo. Ya kwanza ya 2019 ilipita dola bilioni moja, ya pili ikakomea kwenye milioni mia mbili na kitu. Watazamaji waliikataa na kifo chake.

Nadhani kifo kinauma pale muvi ilipokufanya umtake mtu aishi. Folie à Deux inatumia saa mbili kukuambia kwamba yule uliyempenda mwanzo hakuwepo. Mpaka kisu kinaingia, ulishamwacha zamani.

#6 Mnada wa Msalato

Joker ya kwanza ilichukua Oscar ya filamu bora, tuiheshimu.

#7 Dada wa Makole

@Mnada wa Msalato hapana kaka. Iliteuliwa mara 11 ikachukua 2: mwigizaji bora wa kiume, Joaquin Phoenix, na muziki, Hildur Guðnadóttir. Filamu bora mwaka ule ilikuwa Parasite ya Korea Kusini. Labda unachanganya na Simba wa Dhahabu wa Venice, hiyo ndiyo waliyoishika mwaka 2019.

Na hilo la muziki ni sababu nyingine kabisa ambayo hamjaitaja. Kwenye Joker mwanamama yule alitunga mapema, kutoka kwenye maandishi ya hadithi, kabla kamera haijawashwa. Ile ngoma ya chooni ilizaliwa Phoenix akisikilizishwa selo yake. Kwenye muvi nyingi za mashujaa mambo ni kinyume: mhariri anakata picha akiwa ameweka muziki wa muda kutoka muvi iliyopita, mwongozaji anauzoea, kisha mtunzi anaombwa atunge kitu kinachofanana nao. Ukipita hivyo muvi kumi, hakuna wimbo mmoja unaoweza kuupiga mluzi ukitoka nje.

#8 Fundi Sabufa

Dada umegusa sauti, na mimi niongeze.

Heat ya 1995. Lile pambano la barabarani Los Angeles, milio ya risasi mnayoisikia ilinaswa pale pale mtaani wakati wa kupiga picha, na mwangwi wa majengo upo ndani yake. Mlio unapiga ukuta wa kushoto, unarudi kulia, unafifia juu. Ukiweka mlio safi wa maktaba ya sauti, huo mwangwi haupo, na sikio linajua hata kama wewe hujui.

Pia sikiliza wanavyobadilisha magazini. Bunduki ya aina ile ina risasi 30 na inatoa kama 700 mpaka 900 kwa dakika. Ukibana kifyatulio bila kuachia, zinaisha ndani ya sekunde mbili na nusu. Muvi ikikuonyesha mtu anamimina sekunde 15 bila kubadilisha, imekudanganya mara tano au sita mfululizo. Kwenye Heat wanafyatua kwa vifungu vifupi, wanajificha, wanabadilisha, mwenzao anawafunika. Hofu inatoka kwenye kuishiwa.

#9 Zabibu ya Hombolo

"Hofu inatoka kwenye kuishiwa." Fundi, hiyo ndiyo hoja yangu umeisema kwa maneno machache kuliko yangu. Shujaa wa nguvu haishiwi.

#10 Kijana wa Ipagala

Haishiwi? Spider-Man anaishiwa. Mpenzi wake Gwen Stacy aliangushwa kutoka juu ya daraja, akamdaka kwa kamba, akafa mikononi mwake mwaka 1973 kwenye kitabu cha picha, toleo namba 121, na hajarudishwa vile alivyokuwa. Na fizikia yake ni sahihi. Mtu akianguka sekunde 3 ameshuka mita 44 na anakwenda kama kilomita 106 kwa saa. Ukimsimamisha ndani ya mita moja, mwili unavutwa kwa nguvu ya mara 44 ya uzito wake. Ukimpunguza polepole ndani ya mita 10, ni mara nne na kidogo, anapona. Kwa hiyo kamba isiyonyumbuka inaua. Waandishi walikubali kwamba mwokoaji ndiye aliyevunja shingo.

#11 Bati la Chang'ombe

Kwenye muvi ya 2014 hakuvunjwa shingo na kamba peke yake, kichwa kiligonga sakafu ya mnara wa saa.

#12 Kijana wa Ipagala

Kweli. Muvi ilibadilisha. Kamba ikamfikia imechelewa. Asante.

#13 Mlimwa Magharibi

Ngoja niwape sababu ambayo naiona ni kubwa kuliko hizo zote: picha.

Muvi nyingi za mashujaa zinapigwa kwa mwanga bapa, unaotoka kila upande, kwa sababu mpaka siku ya kupiga haijaamuliwa nyuma ya mwigizaji kutakuwa na nini. Mwanga ukiwa na mwelekeo mkali, kila kitu kitakachochorwa baadaye lazima kiufuate. Ukiwa bapa, unaweza kubadilisha jua likawa moto, moto ukawa anga, wiki chache kabla ya kutoka. Bei yake ni uso usio na kivuli. Na mafundi wa kompyuta ndio wanaolipa kwa usiku wao. Septemba 2023 wale wa Marvel walipiga kura, wote bila kupingwa, kuingia chama cha wafanyakazi cha IATSE. Haikuwa bure.

The Batman ya 2022 ni ya shujaa lakini ilifanya uamuzi mapema. Mpiga picha wake, Greig Fraser, alipiga kidijitali, kisha picha ikachapwa kwenye mkanda halisi wa filamu, mkanda ukaskaniwa ukarudishwa kompyuta. Ndiyo maana weusi wake una chembechembe na taa za barabarani zinayeyuka kingo. Inatisha bila mtu kufa.

#14 Mnada wa Msalato

Mkuu Mlimwa, The Batman mbona ni giza tupu? Kwenye TV ya sebuleni huoni kitu, unaona kivuli kinampiga kivuli.

#15 Fundi Sabufa

@Mnada wa Msalato angalia kwanza jina la faili. Kama lina herufi HDR, yaani picha yenye upana mkubwa wa mwanga, na TV yako si ya HDR, picha itatoka ya kijivujivu, imepauka, kama nguo iliyofuliwa na majivu. Hiyo huwezi kuirekebisha kwa rimoti. Tafuta toleo la kawaida, au chezesha kwa kompyuta yenye programu ya VLC au mpv inayobadilisha rangi, halafu peleka kwenye TV kwa waya wa HDMI.

Kama faili ni la kawaida, fanya hivi. Weka TV kwenye hali ya filamu, siyo ile ya dukani yenye rangi kali. Panda mwanga wa taa ya nyuma ya kioo. Ile setingi ya kung'aa iache katikati, maana kwenye TV nyingi haiongezi mwanga, inainua weusi tu, na weusi ukiinuka picha inakuwa na ukungu. Gama iwe 2.2 kama sebule ina mwanga, 2.4 kama umezima taa. Zima kile kifaa kinacholainisha mwendo. Muvi ina fremu 24 kwa sekunde, TV inabuni fremu za katikati, na Batman anaonekana kama yuko kwenye tamthilia ya mchana.

Mwisho, pazia. TV haiwezi kukuonyesha weusi kuliko mwanga unaoakisi kwenye kioo chake.

#16 Bati la Chang'ombe

Hapo kwenye projekta ndiyo balaa. Nyeusi ya projekta ni rangi ya ukuta taa ikiwa imezimwa. Kibanda cha bati lenye matundu, saa nane mchana, jua la Dodoma la Oktoba: ukuta unaonekana mweupe hata projekta ikiwa haijawashwa. Huo weupe ndio usiku wa Gotham, mji wa Batman, utakaoonyeshwa. Hata projekta ya lumeni 3,000 inaongeza mwanga tu, giza haiwezi kuliongeza. Ukipaka ukuta rangi ya kijivu cha kati badala ya nyeupe, ukaziba matundu kwa lami na kuning'iniza turubai nyeusi mlangoni, unapata nusu ya muvi uliyoikosa.

Kwa hiyo natoa sababu yangu: muvi za uhalifu za sasa zimetengenezwa kwa chumba cheusi, na za mashujaa kwa chumba chochote. Kwenye kibanda, mashujaa bado wanashinda.

#17 Dada wa Makole

Bati umefungua mlango mzuri. Ongeza dijei wa kutafsiri.

Dijei anafanya kazi na sauti moja iliyokwisha changanywa. Akisema, anashusha kila kitu: maneno, muziki, nyayo, mlango. Muvi ya mashujaa inavumilia hilo, ngumi inaonekana. Lakini muvi ya upelelezi ushahidi umo kwenye neno moja. Kwenye Knives Out ya 2019, fumbo zima linakaa juu ya nesi ambaye akidanganya anatapika, na juu ya chupa mbili zilizobadilishiwa dawa ndani. Dijei akiruka sentensi ya uzito wa dawa ndani ya chupa, mwisho unaonekana kama uganga.

Na No Country for Old Men ya 2007 karibu haina muziki. Ukimya wake ndio muziki. Unasikia karatasi ya korosho ikijikunjua juu ya kaunta. Hapo dijei akiongea hata sekunde tatu, ameua tukio.

#18 Mnada wa Msalato

Hiyo No Country ndiyo muvi pekee steringi anauawa na adui halafu huonyeshwi. Yule mwenye mtungi wa hewa anamuua Llewelyn hotelini. Watu walirusha viti.

#19 Dada wa Makole

Siyo yeye kaka. Llewelyn anauawa na wale Wamexico waliokuwa wanazitafuta zile dola milioni mbili. Chigurh, huyo mwenye mtungi, anafika baadaye. Rudia kuitazama, sherifu anafika wakati gari lao linaondoka kwa kasi.

Na ule mtungi ni kifaa cha machinjioni. Hewa iliyobanwa inasukuma nondo fupi inayogonga paji la ng'ombe na kurudi. Chigurh anafyatulia vitasa.

#20 Mnada wa Msalato

Sawa dada, nimekubali. Mbili kwa sifuri leo.

#21 Baraza la Wazee

Wanangu salaam. Rebel Ridge imetajwa juu lakini nadhani wengi wameikosa nusu yake, maana sheria za kule Marekani siyo za kwetu.

Kule mtu anaweza kutoka mahabusu kwa kupeleka fedha taslimu dirishani. Kwetu dhamana kwa kawaida ni wadhamini: mara nyingi wawili, kila mmoja na kitambulisho, barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji, na bondi anayosaini. Ndiyo maana mtazamaji wa huku anashangaa kwa nini jamaa abebe fedha zote kwenye baiskeli. Asipozifikisha, ndugu yake anahamishiwa gereza kubwa, na kule kuna watu wa kumdhuru. Saa ya muvi inahesabu kwa hilo.

La pili, polisi kuchukua fedha bila kumshtaki mtu. Kule ni utaratibu uliopo kisheria. Kesi hufunguliwa dhidi ya mali yenyewe, siyo mwenye mali, na mwenye mali ndiye anayehangaika kuthibitisha. Kuna kesi ya rufaa ya mwaka 2006 ambayo jina lake ni Marekani dhidi ya Dola 124,700. Fedha ndiyo mshtakiwa. Ukilijua hilo, unaona kwamba adui wa muvi ile ni karatasi iliyosainiwa vizuri, na shujaa hawezi kuipiga ngumi.

Vivyo hivyo Juror #2 ya 2024 ya mzee Clint Eastwood. Kule watu 12 wa kawaida lazima wakubaliane. Kwetu tulikuwa na wazee wa baraza Mahakama Kuu, walitoa maoni, lakini jaji hakufungwa nayo. Kwa hiyo mateso ya yule kijana aliyekaa kwenye kiti cha kuhukumu huku akihisi kosa ni lake, yanahitaji ujue kwamba kura yake moja inaweza kukwamisha kesi nzima.

#22 Zabibu ya Hombolo

Mzee wetu shikamoo, na asante. Hilo la kesi dhidi ya fedha sikulijua.

#23 Baraza la Wazee

Marahaba.

#24 Kijana wa Ipagala

Kwa heshima ya mzee, lakini tusiziache muvi za uhalifu zipite kama ndizo za kweli. Zina uongo wake, na umerudiwa kuliko barakoa yoyote.

Kizuia sauti cha bastola: mlio wa risasi ni kama desibeli 160, kizuizi kinashusha 20 mpaka 35. Unabaki na 130 hivi, bado unaumiza sikio. Siyo ile "fyu" ya muvi. Kukiweka kwenye rivolva hakusaidii, kwa sababu gesi inatorokea kwenye mwanya kati ya silinda na mtutu. Ni rivolva chache mno, kama Nagant ya Urusi ya 1895, ambazo silinda yake inasogea mbele na kuziba.

Daktari kusema "alikufa saa nne na robo usiku": mwili unapoa kwa makadirio ya nyuzi 0.8 kwa saa kwenye chumba cha baridi ya wastani. Chumba cha bati kikiwa na nyuzi 34, mwili hauna pa kupoa, kipimo kinakufa. Klorofomu ya kitambaa inachukua dakika, siyo pumzi mbili. Na ile ya "mzungumzishe dakika moja tumtafute alipo" ni ya enzi za mitambo ya swichi, fundi alifuata waya kwa mkono. Leo mtandao unajua simu iko chini ya mnara gani kabla hujasema haloo.

Basi kama mtu anasema uhalifu unashinda kwa sababu ni halisi, sikubali. Unashinda kwa sababu uongo wake ni wa ukubwa tunaoujua.

#25 Mlimwa Magharibi

"Uongo wa ukubwa tunaoujua" ni jibu zuri kuliko langu la picha, ila silifuti langu.

#26 Mpiga Picha wa Nzuguni

Mnazungumza za nje tu. Afrika Mashariki tuna Nairobi Half Life ya 2012, ya kijambazi, Kiswahili na Sheng, na ndiyo Kenya waliyoipeleka kwanza kugombea Oscar. Kwetu mtu anauliza kwa nini majambazi wa muvi zetu wanakaa sebuleni wakiongea. Sababu ni kazi: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka kibali, sare na silaha zina taratibu zake, na risasi tupu ni hatari. Tangu ajali ya Oktoba 2021 kwenye muvi ya Rust huko New Mexico, alipokufa mpiga picha Halyna Hutchins, hata wenye fedha wengi wamehamia kwenye bunduki za mpira na moto wa kompyuta.

Na moto wa kompyuta ukijua kuuweka, hauonekani bandia. Kosa la wengi ni kuuweka fremu tatu au nne. Moto halisi wa mtutu ni mfupi kuliko fremu moja. Kwa fremu 24, kamera inafungua nusu ya muda, sehemu ya 48 ya sekunde, kwa hiyo hata risasi tupu ya kweli mara nyingine moto wake unaangukia kamera ikiwa imefumba na hauonekani kabisa. Basi weka fremu moja. Risasi ya tatu au ya nne usiweke chochote. Halafu, na hapa ndipo pagumu, ongeza mwanga wa njano kwenye uso, mkono na ukuta wa karibu kwenye fremu hiyo hiyo. Usipouangaza ukuta, moto unaelea kama stika. Mwigizaji apewe kitu kizito, gramu 900 hivi, mkono uruke wenyewe. Moshi kidogo fremu ya pili na ya tatu. Sauti ianze fremu ile ile kama mpigaji yuko karibu. Akiwa mita 100, ichelewe fremu saba.

#27 Fundi Sabufa

Fremu saba ni sahihi. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, mita 100 ni karibu theluthi ya sekunde. Na kwa joto letu la mchana inakaribia 350, haibadilishi kitu.

#28 Bati la Chang'ombe

Tukirudi kwa Joker wa zamani, Heath Ledger kwenye The Dark Knight 2008: ile hospitali ilipogoma kulipuka akabonyeza kidude kwa hasira, alibuni pale pale, haikuwa kwenye mpango. Hiyo ndiyo tofauti ya mwigizaji na picha za kompyuta.

#29 Mpiga Picha wa Nzuguni

Hadithi hiyo imezunguka sana lakini si kweli. Jengo lilikuwa kiwanda cha zamani cha peremende Chicago, lilivunjwa kweli, na ulikuwepo mpigo mmoja tu. Huwezi kuacha mwigizaji atembee mbele ya baruti bila kupanga kila mlipuko kwa sekunde. Ule ukimya wa katikati ulipangwa ili apate nafasi ya kusogea mbali kabla ya mlipuko mkubwa. Kipaji chake kipo kwenye kuufanya mpango uonekane ajali.

#30 Dada wa Makole

Na kwa kweli The Dark Knight ni muvi ya kijambazi iliyovaa joho. Inaanza na wizi wa benki. Winter Soldier ya 2014 ni ya ujasusi. The Batman ni ya mpelelezi anayemfuata muuaji anayeacha mafumbo. Kila mara mashujaa waliposifiwa, walikuwa wameazima nyumba ya jirani. Labda swali la Zabibu lilitenganisha vitu viwili ambavyo vizuri vyake ni kimoja.

#31 Kijana wa Ipagala

Spider-Verse ya 2018, ile katuni ya Spider-Man, haikuazima kwa mtu. Miles anachorwa fremu 12 kwa sekunde wakati Peter anayeruka naye msituni anachorwa 24, unamwona mmoja ni mwanafunzi kabla hajasema neno. Kadiri anavyojifunza, fremu zinaongezeka. Hilo muvi ya kijambazi haiwezi.

#32 Zabibu ya Hombolo

Hiyo siwezi kuipinga. Nitaitazama tena nikihesabu.

Mpaka sasa nimepewa wingi, muziki, mwanga, chumba, dijei, sheria, na uongo wa ukubwa tunaoujua. Bado nasimama kwenye begi la dola 36,000. Kama kuna muvi ya shujaa wa nguvu ya 2023 kuja huku yenye kitu kimoja kidogo ambacho kikipotea hakirudi, nitajieni.

#33 Mnada wa Msalato

Kabla hamjamjibu, nimewasha The Batman kama Fundi alivyoelekeza, giza limekaa vizuri. Sasa sabutaito zinatangulia. Mwanzo sekunde chache, mwisho zimefika dakika saba mbele. Muvi ni dakika 176.

#34 Fundi Sabufa

Sabutaito zilitengenezwa kwa toleo la fremu 25 na muvi yako ni 23.976. Zinapotea kama dakika mbili na nusu kila saa, ndiyo hizo saba. Fungua faili kwa programu ya Subtitle Edit, nenda kwenye kubadilisha kiwango cha fremu, weka kutoka 25 kwenda 23.976, hifadhi kwa UTF-8 na jina lile lile la muvi. Usitumie H na G za VLC, hizo zinasogeza zote kwa kipimo kimoja, nusu ya sehemu ya kumi ya sekunde kwa kila mbonyezo. Zinafaa kama kosa ni lile lile mwanzo mpaka mwisho.

#35 Mnada wa Msalato

Na zikikaa sawa mpaka katikati halafu ghafla zikaruka sekunde 40?

#36 Fundi Sabufa

Hapo moja kati ya hizo mbili imekatwa tukio. Tafuta sabutaito ya toleo lako, linganisha jina zima la faili, siyo jina la muvi tu.